Nimelipa Karo ya Hesabu, Nimeletewa Insha

Mpwa wangu anasomea hesabu chuo kikuu, na likizo zake huzimalizia kwetu Mkomani, Mombasa, kwa madai kwamba kwao hakusomeki. Karo yake nachangia mimi, na mchangiaji wa karo ana haki ya kufungua daftari. Nikalifungua. Nilitarajia nambari, nikakuta maneno. "Tuseme." "Basi." "Kwa kuwa." "Kwa hivyo." Ukurasa mzima ulikuwa na nambari moja tu, nayo ilikuwa ya ukurasa.

Nikamwita. "Mwanangu, hii ni hesabu au ni insha?"

"Ni hesabu, Mjomba. Hizo ni thibitisho."

"Na jibu liko wapi?"

"Jibu huwa limetajwa kwenye swali. Kazi yetu ni kuonyesha kwa nini ni kweli."

Yaani watu wazima wameketi Nairobi wakapanga kozi ambayo mtoto anapewa jibu siku ya kwanza, kisha anapewa miaka minne ya kulieleza, na mimi ndiye wa kulipa.

Sisi wa zamani tulifunzwa hesabu ya heshima. Swali linauliza ngapi, unajibu ngapi, unapiga mistari miwili chini ya jibu, unakwenda zako. Kilichotutesa ni lile swali la mtihani la "onyesha kwamba", ambalo jibu lake limekaa palepale mwisho wa sentensi likikutazama. Dawa yake tulikuwa nayo. Unaanza juu ukiteremka mistari mitatu, unaanza na lile jibu chini ukipanda mistari mitatu, na pale katikati isipokutana unaandika "kwa hivyo" kwa mwandiko wa daktari, mengine unamwachia Mola na msahihishaji. Hata KCSE ya leo ina alama za njia kando na alama za jibu, kwa hivyo mtu hakosi chochote. Mpwa wangu anasema chuoni wao huanza kusoma pale pale katikati.

Basi nikaamua kujifunza, maana siwezi kulipia kitu ambacho sijui kukilalamikia kwa ufasaha.

Somo la kwanza lilikuwa la kunivunja moyo makusudi. Chukua nambari yoyote, akasema, izidishe kwa yenyewe, ongeza nambari ileile, kisha ongeza 41. Nikaanza na sifuri: 41, nambari tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Moja inatoa 43, tasa. Mbili inatoa 47, tasa. Tatu, 53. Nne, 61. Nikaendelea mpaka kahawa ikapoa. Ya 39 inatoa 1601, nayo pia ni tasa. Kuanzia sifuri hadi 39 hao ni mashahidi 40, na hakuna hata mmoja aliyebabaika. Peleka mashahidi 40 mahakama yoyote ya Mombasa, iwe ya hakimu iwe ya kadhi, uone kama kesi itafika adhuhuri.

"Sasa jaribu 40," akasema yule mtoto, huku akijipaka mafuta ya nazi mikononi kama mtu asiye na neno na mtu.

40 mara 40 ni 1600. Ongeza 40, ongeza 41, unapata 1681. Na 1681 ni 41 mara 41. Mashahidi 40 wakweli, wa 41 msaliti. Kanuni hiyo aliiandika Leonhard Euler, Mswisi, mwaka 1772, na namshuku alikuwa akicheka.

Jambo baya zaidi ni la Christian Goldbach. Mwaka 1742 alimwandikia barua Euler huyohuyo kuhusu dhana ambayo siku hizi husemwa hivi: kila nambari shufwa iliyozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili. 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. 100 ni 3 na 97. Kompyuta zimekagua zote mpaka kufikia 4 inayofuatwa na sifuri 18, na haijaonekana hata moja iliyokaidi. Na bado waungwana hawa wanasema haijathibitishwa! Mtaani kwetu yuko mtu aliyethibitishwa kuwa mwizi wa kuku kwa unyoya mmoja.

Nikamtetea Erasto Mpemba, ingawa hakuna aliyemshtaki. Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, mwaka 1963, alipoona maziwa ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friza yakiwa moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Akachekwa. Akashikilia. Mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Dar es Salaam, na jambo likaitwa kwa jina lake dunia nzima. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu sababu yake, na wengine kama lipo kweli. Lakini Mpemba angalau aliweza kusema njooni mtazame. Kwenye thibitisho hakuna friza ya kumfungulia mtu. Uone usione, wanataka sababu.

Nikabeba mzigo huo mpaka barazani. Baraza letu hukaa baada ya alasiri, na wajumbe wake ni nahodha mstaafu, fundi wa friji mwenye pikipiki, maalim anayefundisha elimu ya mirathi, na wengine wanaokuja kwa ajili ya kahawa tu. Nikawaambia kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu, yaani nambari kamili juu na nambari kamili chini.

"Nani kasema kinaweza?" akauliza nahodha.

"Hakuna. Lakini tuseme kinaweza."

"Kwa nini tuseme, na wewe umeshatuambia hakiwezi?"

"Ndiyo njia yake. Tunaukubali uongo kidogo tuone utatufikisha wapi."

"Astaghfirullah," akasema mmoja wa wale wa kahawa, akajisogeza.

Nikaendelea vivyo hivyo. Tuseme ipo sehemu hiyo, na tumeshaipunguza mpaka haipunguki tena. Tukizidisha kila kitu kwa chenyewe, mraba wa nambari ya juu utakuwa mara mbili ya mraba wa nambari ya chini. Kwa hivyo mraba wa juu ni shufwa, na nambari ya juu yenyewe ni shufwa. Nambari shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4. Basi mraba wa juu unagawanyika kwa 4, na nusu yake, ambayo ni mraba wa chini, bado inagawanyika kwa 2. Kumbe ya chini nayo ni shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, na sisi tulisema sehemu yetu haipunguki. Uongo umejiumbua wenyewe.

Nahodha akanitazama kwa muda. "Yaani alasiri yote hii tumepeleleza uongo ulioleta wewe mwenyewe?"

Fundi wa friji akataka kujua kipeuo hicho kinauzwa wapi. Ni maalim peke yake aliyeweka kikombe chini. "Rudi nyuma," akasema. "Umesema mraba ukiwa shufwa, basi na nambari yenyewe ni shufwa. Umelitoa wapi hilo?"

Swali la haki kabisa, na kitabu cha mpwa wangu kilikuwa kimelipita bila hata salamu. (Jibu: nambari witiri ikizidishwa kwa witiri hutoa witiri, kwa hivyo mraba shufwa hauwezi kuzaliwa na witiri.) Nikamuuliza maalim amejifunza wapi kusoma hivi. Akasema kwenye mirathi. Mwanamke amefariki hana mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume fungu lake nusu. Dada wawili fungu lao thuluthi mbili. Hebu jumlisha. Unapata sita juu ya sita na moja zaidi. Mali imeisha na watu bado wana haki zao. Ndipo kanuni ya auli inapoingia: mali inagawanywa mafungu saba, mume anachukua matatu, dada manne, kila mmoja amepunguzwa kwa kipimo kilekile.

"Sasa," akasema maalim, "nenda kamwambie mume aliyekuja akijua ana nusu kwamba matatu ya saba ni jambo lililo wazi. Utaona. Kila hatua utaulizwa, na anayeuliza ana wakili."

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba walimu wetu wa hesabu walitupeleka mlango wa nyuma. Al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mirathi na wasia. Alijua wasomaji wake. Mtu husoma kwa makini sana pale panapohusu shamba la babake.

Halafu kuna suala la fasili, ambalo nusura livunje baraza. Fundi wa friji alijisifu kwamba kwa pikipiki yake anaweza kutoka Mkomani, akazunguka Mombasa nzima akipita kila kivuko mara moja tu, na akarudi Mkomani bila kurudia kivuko hata kimoja. Mpwa wangu alikuwa mlangoni. "Haiwezekani, Ami," akasema.

Likazuka zogo. Makupa na Kipevu vihesabiwe kimoja au viwili? Feri ya Likoni ni kivuko au ni subira? Na barabara ya Dongo Kundu, inayotoka bara ya magharibi mpaka kusini bila kugusa kisiwa, nayo imo? Mtoto akangoja wamalize, akasema vyote hivyo hesabuni mnavyopenda. Mtazameni upande wetu wa kaskazini peke yake. Unaunganishwa na Mombasa iliyobaki kwa Daraja la Nyali, basi. Anayetoka kwake na kurudi kwake akivipita vyote bila kurudia kivuko anahitaji kimoja cha kutokea na kingine cha kurejea, kwa hivyo idadi ya vivuko vya upande wake lazima iwe shufwa. Yetu ni moja. Moja ni witiri. Kwisha.

Nikanyamaza, maana ilikuwa nzuri. Hakugusa Likoni, hakugusa Makupa, hakupanda pikipiki. Hoja ni ya Euler tena, mtu huyu hakosekani popote: mwaka 1736 makala yake kuhusu madaraja saba ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad, ilionyesha kwamba matembezi ya namna hiyo hayawezekani kule. Kule nako pande za nchi kavu zilikuwa nne kama zetu, na zote nne zilikuwa na vivuko witiri.

Nahodha hakukubali. "Mimi navuka kwa mashua mpaka Mji wa Kale. Hicho si kivuko?" Mwingine akasema unaweza kupita Mariakani, Kaloleni, ukatokea Mavueni, ukateremka Mtwapa mpaka nyumbani. Mpwa wangu akasema sawa kabisa, lakini hiyo ni kaunti ya watu, na sisi tulisema Mombasa, tena kwa pikipiki. Ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vyao huanza na kurasa za fasili zinazochosha kuliko hotuba za harusi. Usipofunga mlango mapema, mtu atakuingizia mashua. Fundi wa friji yeye alisema tu kwamba kila mtu anayekaa Mkomani anajua lazima urudi Nyali, jioni, kwenye foleni, na kwamba kwa hilo hatukumhitaji Mswisi.

Mpaka hapo nilikuwa sina kinyongo. Kinyongo changu ni na waandishi wa vitabu.

Mfano wenyewe ni huu. Kwenye somo la kikomo mwanafunzi hukutana na herufi mbili za Kigiriki, epsiloni na delta. Anaambiwa: kwa kila epsiloni iliyozidi sifuri, ipo delta. Mpwa wangu aliponieleza kwamba mmoja anataja anataka ukaribu wa kiasi gani na mwingine lazima awe na jibu, nilielewa papo hapo, kwani soko la Kongowea liko jirani. Mteja anataja, muuzaji anajibu. Nikaelewa hata ule mpangilio wa maneno wanaousisitiza. Kwa kila mteja ipo bei: hiyo ni Kongowea. Ipo bei moja kwa kila mteja: hiyo ni supamaketi. Maneno ni yaleyale, yamepanguliwa tu, na atakayeyachanganya atauziwa vitunguu kwa bei ya dhahabu.

Sasa fungua kitabu. Uthibitisho unaanza: "Chukua delta iwe epsiloni gawanya kwa 7." Saba imetoka wapi? Hakuna anayesema. Unateremka mistari minane, kila mstari ni kweli, na mwisho ile saba inakatika na saba nyingine na kila kitu kinakaa sawa kama kanzu ya Idi. Umekubali, lakini hukujifunza kitu. Mpwa wangu akanitolea siri: mwandishi alianza mwisho. Alichukua karatasi chafu, akarudi kinyumenyume kutoka kule alikotaka kufika, akaona saba ndiyo itakayomfaa, kisha akaiandika kazi kutoka mwanzo kwa mwandiko safi na ile karatasi akaitupa. Mwanafunzi anaiona kanzu tu, anadhani watu wenye akili huamka asubuhi na saba mdomoni, na anaamua kwenda kusomea biashara.

Na pale wanapochoka kuandika, wanasema "ni dhahiri". Au "ni rahisi kuona". Au ile inayonipandisha presha: "tumemwachia msomaji". Mimi ndiye msomaji! Nimenunua kitabu ili nisiachiwe! Pierre de Fermat, yapata mwaka 1637, aliandika kwenye ukingo wa kitabu kwamba anao uthibitisho wa ajabu wa dai lake moja la nambari ila ukingo haumtoshi. Mtu wa baraza letu akisema ana ushahidi lakini hakuja na karatasi, ananyang'anywa kikombe. Fermat alipewa heshima ya miaka zaidi ya 350. Andrew Wiles alisimama Cambridge mwaka 1993 akatangaza amelithibitisha dai hilo, wakaguzi wakakuta pengo ndani ya uthibitisho wake, akarudi mezani, mwaka 1994 akaliziba kwa msaada wa mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor, na 1995 kazi ikachapishwa. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu ya wakaguzi. Mtu mashuhuri alisimama mbele ya ulimwengu, na akaulizwa swali lilelile la maalim: umelitoa wapi hilo?

Sisemi kila kitu kiandikwe. Whitehead na Russell walijaribu, kwenye Principia Mathematica iliyoanza kuchapishwa mwaka 1910, na ukifika pale wanapoandaa moja na moja kuwa mbili umeshapita kurasa zaidi ya 300. Mama auzaye mahamri kwetu angekuwa ameuza sinia zima, amehesabu chenji na amelala. Kipimo chake nadhani ni maalim: andika mpaka mrithi mwenye wakili akose la kuuliza, kisha nyamaza.

Kwa walimu, ombi langu ni moja. Isahihisheni kazi safi, lakini na karatasi chafu nayo ikusanywe, ya mwanafunzi na ya mwalimu mwenyewe. Hata yenye kahawa. Ile saba ina kwao, na wanafunzi wanastahili kupajua.

Nawe msomaji, kwa kuwa wenzangu wa vitabu wanapenda kukuachia, na mimi nakuachia. Chukua nambari kamili tatu zinazofuatana, zozote zile. Jumla yake hugawanyika kwa 3. Nithibitishie. Usiniletee 4, 5 na 6, wala usiniletee 40, 41 na 42. Mashahidi ninao tele na mmoja wao alishanisaliti. Lete sababu, kwa sentensi zako mwenyewe, mbili au tatu zinatosha. Ukiandika "ni dhahiri", karatasi yako nampelekea muuza viazi karai.